Kalvati Chini ya Chumba cha Kulala

Siku maji yalipoichukua nyumba yetu ya kwanza huko Burat, mimi sikuwepo. Nilikuwa mjini Isiolo katika hoteli yangu ndogo ya chai na chapati, nikikanda unga, na pale nilipokuwa hapakuwa na hata tone la mvua. Mvua ilikuwa imenyesha juu, upande wa Mlima Kenya, na mto ukatuletea. Mume wangu alinipigia simu saa nne asubuhi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Mama watoto, usije na pikipiki," akasema. "Njia imejaa maji."

Nikamuuliza nyumba iko aje. Nikasikia maji yakivuma nyuma yake.

"Inayeyuka," akasema.

Na kweli iliyeyuka. Tuliijenga kwa matofali ya udongo yasiyochomwa, miaka ile tulipokuwa tumeoana karibuni, na maji yalipokaa humo saa chache matofali ya chini yalirudi kuwa tope, ya juu yakaketi juu yake. Nilipofika alasiri maji yalikuwa yamepungua. Mabati yalikuwa yamelala chini, na mume wangu alikuwa amesimama kando ya mgunga wetu mkubwa, matope yamempanda mpaka kwenye nyusi. Juu ya mgunga alikuwa ameufunga mlango wa mbele kwa kamba.

"Katika vitu vyote vya nyumba, uliokoa mlango?" nikamuuliza.

"Mbuzi wa jirani niliwatoa kwanza," akajibu. "Nikirudi, godoro limeshalowa. Mlango ulikuwa bado mzima."

Nilitaka kulia. Lakini nilimtazama yeye, nikautazama ule mlango uliokuwa ukining'inia juu pale kama unamngoja ndege apige hodi, nikacheka. Naye akacheka. Jioni hiyo tulihamia katika chumba cha nyuma cha hoteli, tukalala kati ya magunia ya unga, na kabla ya usingizi kutuchukua tulikuwa tumeshaanza kubishana kuhusu nyumba ya pili.

Watu wengi walituuliza kwa nini tusitafute ploti mahali pengine, huko juu kwenye mawe ambako maji hayafiki. Nilikuwa nikiwajibu kwa kuwapa nyanya. Shamba letu la Burat linanipa nyanya, vitunguu na sukuma ya hoteli mwaka mzima, na udongo ule mweusi tuliletewa na mto huohuo tunaoulaumu. Maji yanakuja siku mbili tatu, na miaka mingine hayaji kabisa. Huko juu kwenye mawe ningekuwa salama, halafu ningenunua nyanya sokoni kila asubuhi. Kwa hiyo suala la kuhama halikutuchukua muda. Kilichotuchukua muda ni nani atakayeichora nyumba.

Kwetu sisi Waborana nyumba ni kazi ya mwanamke. Mama yangu alikata fito mwenyewe na kusuka mikeka mwenyewe. Tulipohama malisho aliifungua nyumba asubuhi, akaipakia juu ya ngamia, na kufikia jioni ilikuwa imesimama mahali pengine, na moto unawaka ndani. Baba yangu hakuulizwa mlango utazame wapi. Nilimweleza mume wangu hayo yote kwa utaratibu, nikimalizia kwamba yeye aniachie mimi.

Lakini mume wangu aliendesha greda la barabara mpaka alipostaafu. Amelainisha njia ya Garbatulla na ya Oldonyiro mara ambazo hawezi kuhesabu, na kila mara mvua moja iliharibu kazi ya mwezi mzima.

"Wewe unajua nyumba," akaniambia. "Mimi najua maji. Hayo mambo ni mawili."

Tulibishana kwa siku kadhaa, wateja wakisikiliza huku wanakunywa chai, wengine wakichagua upande. Mwisho tukakubaliana. Kila kitu kilicho juu ya sakafu kitakuwa changu, na kila kitu kilicho chini ya sakafu kitakuwa chake. Mteja mmoja, dereva wa lori la mifugo, alisema hajawahi kuona mpaka uliochorwa vizuri hivyo bila polisi.

Mimi sijui kuchora kwenye karatasi. Nilijua tu kwamba nikitaka kuijua nyumba ni lazima niitembee. Basi nikabeba magunia mawili ya jivu kutoka jikoni mwa hoteli hadi Burat, na pale mahali palipobaki wazi nikaichora nyumba kwa jivu chini, ukubwa wake wote: sebule, vyumba viwili, jikoni, baraza. Penye mlango niliacha nafasi. Penye dirisha niliweka mawe mawili. Halafu tukaanza kuishi humo. Kila Ijumaa baada ya swala, na Jumapili hoteli ilipokuwa kimya, tulikwenda na mkeka, chupa ya chai na redio, tukakaa ndani ya nyumba isiyo na ukuta hata mmoja.

Jirani yetu alikuwa wa kwanza kututembelea. Ni mama Mturkana anayefuga mbuzi ng'ambo ya ua wetu. Alizaliwa huko kaskazini, kando ya ziwa, wazazi wake wakaja Isiolo akiwa msichana mdogo, na mimi naye tumegawana chumvi na kuni tangu watoto wetu wakiwa wachanga. Ananiita mama hoteli. Siku hiyo alikuja moja kwa moja kama kawaida yake, akaukanyaga mstari wa jivu.

"Umepita ukutani," mume wangu akamwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye redio.

Jirani alijitazama miguuni. Akarudi nyuma taratibu, akazunguka nyumba nzima, akasimama kwenye ile nafasi niliyoiacha.

"Hodi," akasema, akigonga hewa.

"Karibu, pitia sebuleni," nikamjibu. "Viatu acha hapo barazani."

Akavivua. Alikaa na sisi mpaka jua likaanza kushuka, na ni yeye aliyeniuliza kama ninapenda kulala na moshi. Nikamuuliza ana maana gani. Akachota jivu kidogo kwa vidole akaliachia hewani. Upepo wa alasiri ulilibeba kutoka jikoni kwangu mpaka pale ambapo kitanda kingekaa. Nyumba ile ya jivu ilikuwa na makosa mengi ya namna hiyo. Mume wangu akitaka kwenda chooni alilazimika kupita mbele ya wageni wote. Mahali nilipotaka kuswali, mtu akifungua mlango wa jikoni angenigonga. Kubomoa ukuta kulikuwa kazi rahisi, nilikuwa nikiusugua kwa mguu na kumwaga mwingine. Nadhani niliibomoa na kuijenga nyumba hiyo mara sita, na kila mara ilikuwa nzuri zaidi kidogo. Wapita njia walitusalimu kwa adabu na kuongeza mwendo.

Wakati mimi nahamisha kuta, mume wangu alikuwa na neno moja tu kichwani: urefu. Sakafu iinuke kiasi gani? Kwenye shina la mgunga mafuriko yalikuwa yameacha mstari wa tope, ukifika kifuani mwake. Alileta mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akaujaza maji, akashika ncha moja kwenye ule mstari na kunipa mimi nyingine niende nayo kwenye pembe ya nyumba, pale alipochomeka mti mrefu.

"Inua. Shusha kidogo. Ngoja yatulie," akawa ananielekeza. "Hapo. Weka alama."

Maji ndani ya mpira yakitulia, yanasimama sawa ncha zote mbili, hata kama kuna kichaka kati yenu. Nilipenda jambo hilo sana. Tuliweka alama pembe zote nne, na mume wangu akarudi nyuma kuzitazama akiwa ameridhika.

Jirani alikuwa ameegemea ua, anatuangalia.

"Hiyo ni ya mwaka huu," akasema. "Njooni niwaonyeshe ingine."

Alitupeleka nyuma ya boma lake, karibu na laga, ule mkondo wa mchanga ambao hukaa mkavu karibu mwaka mzima. Kulikuwa na mgunga mzee, na kwenye panda ya matawi yake, juu ya kichwa cha mume wangu, palikuwa na dumu la manjano lililopauka likawa jeupe. Mti ulikuwa umelikumbatia, gome limeota pande zote.

"Ni dumu langu la maji," jirani akasema. "Liliondoka na mafuriko nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Nilijaribu kulitoa nikashindwa, nikasema basi, likae."

Mume wangu alilitazama lile dumu kwa muda mrefu. Kisha akaniomba mpira. Tulipopima kutoka hapo mpaka kwenye nyumba yetu, alama mpya ilizidi ya kwanza kwa mkono mzima, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Sikusema kitu. Chini ya sakafu hakukuwa kwangu.

"Hayo ni mawe mengi," akasema mwishowe.

"Ni mengi," nikakubali.

"Na ngazi ni nyingi."

Hapo nikasema, maana ngazi zilikuwa juu ya magoti yangu, na magoti ni yangu. Lakini wote wawili tulikuwa tumeshaliona lile dumu, na mtu hawezi kujifanya hajakiona kitu kama hicho. Sakafu ikawekwa shubiri moja juu ya dumu.

Fundi tuliyempata alikuwa Mmeru mrefu, mtu wa makamo, anayepiga mluzi akifanya kazi na kunyamaza akikasirika. Pima maji yake aliibeba imeviringishwa kwa taulo kama mtoto mchanga. Alisikiliza urefu tunaoutaka, akaitikia kwa kichwa, akasema ni sawa, tutajenga msingi wa mawe, tujaze udongo wa maramu ndani, tushindilie mpaka iwe kama mwamba.

"Hapana," mume wangu akasema. "Ukijaza yote, maji yatakosa pa kupita. Yatazunguka pembeni, yachimbe, na mengine utamsukumia jirani. Tutaweka kalvati, matundu ya kupitishia maji. Tatu."

Fundi aliacha mluzi.

"Mzee, kalvati chini ya nyumba?"

"Chini ya chumba cha kulala, moja. Chini ya sebule, moja. Na ile ndogo chini ya jikoni."

"Mimi najenga nyumba," fundi akasema. "Daraja sijengi. Hayo mashimo yataingia nyoka. Fisi atazalia chini ya kitanda chenu."

Na mimi, lazima nikiri, nilikuwa upande wa fundi. "Baba watoto, unataka nilale juu ya kalvati?" nikamuuliza. "Watu wakiniuliza ninakaa wapi niseme nakaa barabarani?"

"Barabara zangu zilizosimama ni zile zenye kalvati," akasema. Akawa mkaidi kabisa, mikono nyuma, kama mtu aliyesimama mbele ya greda. Fundi akaviringisha pima maji yake kwenye taulo, akatuaga kwa heshima, akaenda zake.

Siku mbili hatukuzungumza habari ya nyumba. Siku ya tatu mume wangu alitoka asubuhi, akamtafuta fundi kule anakokunywa chai yake, si kwangu, wakapanda pikipiki moja na kushika njia ya Garbatulla. Sikujua. Nilikuwa nimeanza kupanga jinsi ya kumwomba msamaha fundi yule mimi mwenyewe, ndipo nikawaona wanaingia hotelini alasiri, wote wawili weupe kwa vumbi. Fundi aliomba maji ya kunawa na chapati tatu.

"Mama, nimeona," akaniambia alipokwisha kushiba.

Alichokiona ni mahali ambapo barabara inavuka laga moja. Upande mmoja tuta la barabara lilijazwa lote bila kalvati, na maji yalikuwa yamelikata na kulibeba lote, pamebaki ukuta wa mchanga. Hatua chache mbele, palipowekwa kalvati miaka hiyohiyo, tuta lilikuwa limesimama na nyasi zimeota juu. Fundi aliinama akaingia ndani ya kalvati, akatembea mpaka upande wa pili, akagongagonga mawe kwa kifundo cha kidole.

"Lakini ile ndogo ya jikoni, siipendi," akaongeza. "Mzee, ile itakabwa. Tuweke mbili kubwa tu."

"Tatu," mume wangu akasema.

Fundi akanitazama mimi. Nikamwambia chini ya sakafu si kwangu.

Kazi ilianza baada ya mavuno ya vitunguu na ilikwenda kwa mwendo wa mfuko wetu, wiki tunajenga, wiki tunapumzika. Mawe yalikuja kwa trekta. Kalvati mbili kubwa fundi alizijenga kwa mawe, juu zimepinda kama upinde, na alipomaliza ya kwanza nilimwona amekaa ndani yake peke yake anakula mahindi ya kuchoma, anapiga mluzi, anasikiliza sauti yake ikirudi. Kwa ajili ya nyoka na fisi alitengeneza malango ya nondo ya kufunga kiangazi na kufungua mvua ikikaribia. Ya tatu ilikuwa bomba la zege ambalo mume wangu aliliokota mahali fulani katika maisha yake ya barabara na kulitunza, na sasa furaha yake ilikuwa kubwa kwamba limepata kazi.

Mimi nami nilikuwa na bomba langu, kitu changu cha kung'ang'ania. Nilitaka ngazi zitazame mto. Upepo mzuri unatoka huko, na niliwazia nimekaa kwenye ngazi ya juu jioni, nachambua sukuma, natazama miti. Mume wangu alisema ngazi ziende upande mwingine, maji yanatoka huko huko kwenye upepo. Nikamkumbusha mpaka wetu. Ngazi zinapanda kwenda juu ya sakafu, nikasema, kwa hiyo ni zangu. Alifikiri kidogo, akasema ni kweli.

Mvua fupi za mwaka huo zilitukuta tukiwa tumemwaga sakafu na kuta zimefika kiunoni. Safari hii nilikuwepo. Ilikuwa mchana, mbingu yetu ni buluu, na jirani akaita kutoka upande wa laga kwamba maji yanakuja. Yalikuja yakitambaa kwanza, ya kahawia, na povu na mabua ya mahindi mbele, halafu yakaacha kutambaa. Jirani alifungua boma akaanza kuwakimbiza mbuzi, lakini hakuwa na haja ya kuwaonyesha njia. Mbuzi waliiona sakafu yetu wakapanda ngazi wenyewe, mmoja baada ya mwingine, kwa heshima, kama wageni wa harusi. Nyuma yao akapanda jirani na sufuria kichwani, nyuma yake mimi, mume wangu, na fundi amekumbatia taulo lake.

Basi waliohamia kwanza katika nyumba yangu walikuwa mbuzi thelathini na kitu. Mmoja alisimama chumbani kwangu juu ya rundo la mawe, akatafuna mfuko wa simiti. Fundi alimfukuza, akaja mwingine. Jirani aliwasha moto pembeni kwa vipande vya mbao, akachemsha chai ya maziwa, maana maziwa alikuwa nayo mengi hapo karibu. Maji yalipita chini yetu. Niliyasikia kwa nyayo kabla ya kuyasikia kwa masikio, mtetemo mdogo kwenye sakafu, na kwa muda nilisimama tu, nimeshika kikombe, naogopa. Nyumba haikusogea. Nikanywa chai yangu.

Mume wangu alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, kichwa kimening'inia nje, anazitazama kalvati zake.

"Mbili zinapumua vizuri," akasema.

"Na ya tatu?" nikauliza.

Alivuta kichwa ndani, akajipangusa uso. Fundi alitazama mbingu kwa makini sana.

Bomba la jikoni lilikuwa limekabwa na matawi, mabua, na kiti cha plastiki ambacho hatukujua ni cha nani. Lakini hilo halikuwa kubwa. Kubwa lilikuwa upande wangu. Maji yalizigonga ngazi zangu, yakakosa pa kwenda, yakaanza kuzunguka pale pembeni kama uji unaokorogwa. Yalipopungua kesho yake asubuhi tuliteremka na kuona shimo kwenye pembe ya msingi ambalo ng'ombe angelala ndani. Ngazi zilikuwa zimening'inia, hazijagusa chini. Msingi wenyewe ulisimama, mawe ya fundi hayakuachana.

Nilisimama kwenye ukingo wa shimo lile nikingoja mume wangu aseme. Angekuwa na haki. Yeye alikuwa amepiga magoti anachomoa kiti kutoka kwenye bomba.

"Tulifanya hivyo hivyo kwenye daraja moja huko Oldonyiro," akasema akiwa bado amegeuka. "Tulijenga nguzo pahali pabaya. Tukaijenga tena."

"Nilikosea," nikasema.

"Na mimi nilikosea. Hili bomba litolewe."

Fundi alikuwa amesimama kati yetu na beleshi. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaona hakuna vita, akaanza kupiga mluzi.

Tulitoa bomba na kupanua kalvati mbili kubwa midomo. Ngazi tulizihamishia upande wa mashariki, mgongoni mwa maji, na ile pembe iliyochimbwa tukaijaza mawe makubwa yaliyofungwa kwa waya, tukapanda nyasi za mizizi mirefu juu yake. Mbuzi mmoja wa jirani alizila mara mbili, tukapanda mara ya tatu. Upepo wa mto nilikuwa nimeuhuzunikia bure. Fundi alinitolea baraza pana upande huo, bila ngazi, na hapo ndipo ninapochambua sukuma.

Siku ya kuhamia tulisoma dua, halafu nikakaanga buni katika samli kama mama yangu alivyokuwa akifanya nyumba ikisimamishwa. Buni zilipopasuka na harufu kujaa nyumba, nilimwita jirani aje apakwe samli hiyo kwenye paji la uso pamoja na sisi. Alikubali, akasema inanukia kuliko mafuta yake ya dukani. Fundi alikuja na mke wake, na nilimsikia akimtembeza chini ya nyumba, akimwonyesha kila jiwe. "Hizi kalvati zetu," alikuwa akimwambia, "watu wengi hawajui umuhimu wake." Tangu hapo amejenga nyumba nyingine mbili hapa Burat kwa mtindo huo, na mara nyingine anamleta mwenye ploti kwetu bila kutuarifu. Nikitazama nje nakuta mwanamume nisiyemjua ameinama chini ya chumba changu cha kulala, anasema salaam aleikum.

Mvua ndefu zilizofuata zilileta maji tena, siku mbili. Hoteli niliifunga. Tulikaa barazani, sisi na jirani, mbuzi wake wakiwa kwenye jukwaa la mawe ambalo fundi aliwajengea kando ya ngazi, na hatukuwa na la kufanya ila kutazama mto unavyopita katika ploti yetu na kutoka upande wa pili bila kuchukua kitu. Mume wangu aliteremka ngazi mpaka ya nne, akatia fimbo yake majini, akarudi kuketi.

Maji yalipoondoka yaliacha dimbwi ndani ya kalvati ya sebuleni, na ndani ya dimbwi tukasikia kitu kinapigapiga. Jirani aliinama akatazama. Alipoinuka uso wake ulikuwa wa msichana.

"Samaki," akasema. "Kambare. Mama hoteli, una kambare wanne chini ya nyumba."

Mimi ni mtoto wa wafugaji. Nimekula ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo, nimewapikia wasafiri wa kila aina, na samaki sikuwahi kumgusa, wala mume wangu. Kwetu samaki alikuwa kama nyoka wa majini. Jirani aliwatoa kwa mikono, akawapasua kwa ustadi ambao sikujua anao, akaingia jikoni kwangu bila kuuliza na kuomba chumvi, limau na kitunguu. Alipika akisimulia jinsi baba yake alivyokuwa akiwakausha samaki juu ya mawe ziwani, na ninaamini hajawahi kuniambia habari za huko kwa urefu hivyo katika miaka yote.

Mume wangu alikitazama kipande chake pande zote, akasema bismillahi, akala. Akalamba kidole. Akachukua kingine.

"Hawa wametoka kwangu," akaniambia. "Wamekamatwa chini ya sakafu."

Nilimwambia jiko ni langu, anisogezee sahani. Nyama ya samaki ilikuwa nyeupe na laini, na ina miiba ambayo jirani alinionyesha jinsi ya kuitoa kwa ulimi. Nilikula mpaka nikaukwangua mfupa, kisha nikamuuliza jirani kama anaweza kuja hotelini Jumamosi anifundishe kuwapika wengi kwa ajili ya wateja.